Kufuatilia Kipimo cha Njia Katika Mtandao

Wakati wa masika, dereva wa lori atokaye Magomeni kwenda Kariakoo hukabiliwa na uamuzi. Njia yake fupi ni Barabara ya Morogoro, ipitayo bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani. Maji yakifurika sana, barabara hufungwa. Lakini taabu huanza mapema zaidi: barabara ingali wazi, ila magari hayaendi. Dereva mwenye busara hangoji njia ikatike. Huzungukia Barabara ya Kawawa na Ilala mara aonapo kwamba njia fupi imekuwa ghali kuliko ile ndefu.

Swichi ya mtandao yenye uwezo wa kuchagua njia hukabiliwa na uamuzi huohuo.

Kipimo ni nini?

Kipimo cha njia ni namba inayoonyesha gharama ya kufika mahali fulani. Katika itifaki ya OSPF, gharama ya kila kiungo kwa kawaida hupatikana kwa kugawa megabiti 100 kwa sekunde kwa kasi ya kiungo hicho. Hivyo kiungo cha megabiti 100 kina gharama ya 1, na cha megabiti 10 kina gharama ya 10. Gharama ya njia nzima ni jumla ya viungo vyake.

Tuseme duka la Kariakoo hufikia kompyuta ya benki kwa viungo viwili vya megabiti 100. Gharama ni 1 + 1 = 2. Kiungo kimoja kikiharibika na nafasi yake ikachukuliwa na cha megabiti 10, gharama huwa 1 + 10 = 11. Swichi iulizayo tu, "Je, njia ipo?" itajibu kwamba ipo, ilhali wateja wanasubiri malipo yao yakamilike.

Vizingiti viwili

Ili kuondoa kasoro hiyo, msimamizi huiagiza swichi ifuatilie kipimo chenyewe. Hutaja mtandao unaokusudiwa, kisha huweka vizingiti viwili. Katika swichi za Cisco, kipimo hugeuzwa kwanza kiwe katika mizani ya 0 hadi 255, ambapo 255 maana yake ni mahali pasipofikika. Katika mfano wetu, tuseme njia huhesabiwa njema gharama ikiwa 5 au pungufu, na mbovu ikiwa 8 au zaidi. Ikiwa 6 au 7, hali ya awali hudumu. Kwa 11, njia hutangazwa kuwa mbovu, na kifaa cha akiba hushika kazi.

Kwa nini visiwe kizingiti kimoja? Kwa sababu gharama ikipanda na kushuka kandokando ya namba moja, swichi ingebadili njia kila mara, kama askari afungaye na kufungua barabara kwa kila inchi ya maji.

Tahadhari

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti nchini Tanzania ikazorota vibaya. Yote miwili hupita pwani ileile ya mashariki ya Afrika. Vivyo hivyo, Barabara ya Kawawa nayo huvuka Mto Msimbazi. Kufuatilia kipimo huisaidia swichi kuchagua. Hakuwezi kuiumbia njia isiyokuwapo.

Zoezi

1. Njia ina viungo vitatu: viwili vya megabiti 100 na kimoja cha megabiti 20. Tafuta gharama yake.
2. Kwa vizingiti vya 5 na 8, eleza kwa nini jibu la swali la kwanza halitoshi kuamua hali ya njia hiyo.