Maradhi ya Mishipa ya Damu na Askari wa Mwili

Wengi wetu hudhani kuwa mshipa wa damu huziba kama mfereji ulioganda mafuta. Sivyo hasa. Kolesteroli ikizidi katika damu hupenya ndani ya ukuta wa mshipa. Hapo chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili, huiona kuwa adui. Huingia kuila, hushiba hata zikafa, na nyingine huja. Ukuta huvimba kwa miaka mingi pasipo maumivu, kisha huwa mgumu. Siku uvimbe ukipasuka, damu huganda juu yake, njia huziba, na moyo hukosa damu.

Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani, aliueleza uvimbe huu tangu karne ya 19. Mwaka 2017 ushahidi ulitolewa kwa wagonjwa zaidi ya 10,000 waliokwisha kupatwa na mshtuko wa moyo. Waliodungwa kanakinumabu, dawa ya kutuliza uvimbe, walipungukiwa na mishtuko mipya, ingawa kolesteroli haikushuka. Lakini vifo vya maambukizo vilizidi, kwani askari aliyetulizwa halindi vyema.

Basi lililo bora ni kutowachokoza askari hao. Tuache tumbaku, tupunguze mafuta na chumvi, tupime presha na sukari. Na aliye juu ya mkarafuu akibanwa kifua, asingoje kumaliza tawi: aite wenziwe, ateremke, apelekwe hospitali upesi. Karafuu zitangoja.