Vitunguu vya Petite Barrière

Kwenye tasnifu mtu hasemi "mimi". Anajiita "mtafiti", kana kwamba anamzungumzia jirani. Aliyeandika makala haya amezoea hivyo kwa miaka, na kuacha kumemshinda. Basi ijulikane mapema: mtafiti atakayesemwa hapa, aliyesutwa na mama muuza vitunguu mpakani Gisenyi, ndiye huyu huyu aliyeshika kalamu.

Ilikuwa Juni 2019. Mtafiti alikuwa akisomea uzamivu wa usimamizi wa biashara, na mada yake ilihusu namna akina mama wanaochuuza kati ya Gisenyi, upande wa Rwanda, na Goma, upande wa Congo, wanavyopata mtaji. Pendekezo lilikuwa limepita. Kiunzi cha nadharia kilikuwemo, mchoro wa vigezo na mishale yake ulikuwemo, na sampuli ilikuwa watu 384. Nambari hiyo wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaijua kwa moyo. Ndiyo jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 linayotoa pale watafitiwa wanapokuwa wengi mno. Wasioipenda hukimbilia fomula ya Yamane, ambayo kwa watu 50,000 itakupa 397. Hakuna aliyemuuliza mtafiti hao 384 angewakuta wapi, wala saa ngapi.

Duka moja la uchapaji lilimtolea nakala 400 za dodoso, zote zikiwa hazina ukurasa wa tatu, kisha likadai malipo kamili kwa hoja kwamba wino umeshatumika. Alilipa. Tangu siku hiyo mtaa ule haupiti.

Mengine ya msingi yapitwe haraka. Vibali viombwe mapema, miezi si wiki. Maswali yaandikwe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili kama kinavyosemwa Goma, kisha yajaribiwe kwa watu kumi. Majibu yaingizwe kwenye KoboToolbox, programu ya bure inayofanya kazi hata bila intaneti, jambo la maana mahali ambapo simu hurukia mtandao wa Congo ukipiga hatua chache tu. Na wale wanaouza "sura ya tatu" iliyo tayari kwa WhatsApp waachwe na biashara yao: wanachouza ni sura ileile, wamebadilisha jina la wilaya.

Kuhusu falsafa ya utafiti, kila mtu hupewa kitunguu cha Saunders. Ni mchoro maarufu kutoka kitabu cha Saunders, Lewis na Thornhill, unaomtaka mwanafunzi amenye tabaka moja baada ya jingine: falsafa, mkabala, mkakati, muda, hadi kufika kwenye mbinu za kukusanya data. Mtafiti alikimenya chote. Kwenye tabaka la muda aliandika sentensi moja: data itakusanywa kwa kipindi kimoja. Akaendelea.

Petite Barrière ni mlango wa mpaka huo, wa waendao kwa miguu. Kabla ya Covid makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kila siku, wakiwa na nyanya, maziwa, samaki wadogo waitwao sambaza na vitunguu vichwani, huku wafanyabiashara wenye ulemavu wakisukumiwa baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni magunia. Mtafiti alifika saa tatu asubuhi, amekunywa chai, kadi shingoni. Siku tatu mfululizo alijaza madodoso bila shida, na hilo peke yake lilipaswa kumshtua. Siku ya nne mama mmoja, beseni la vitunguu likiwa tupu ubavuni, alimtazama akaguna.

"Mwalimu, weye unaamka saa ngapi?"

Mtafiti akajieleza. Mama akamwambia kwamba wenye mizigo ya maana walishapita kitambo, mlango ulipofunguliwa tu, na kwamba hao aliokuwa akiwauliza wengi wao walikuwa wanarudi, au wanavuka kununua sabuni. Kisha akaondoka bila kujibu swali hata moja.

 Hatua ya kwanza ya kupanga utafiti wa mpakani ni kuhesabu kabla ya kuuliza, na ndiyo iliyomgharimu mtafiti wiki mbili, pamoja na maharage nusu kilo.

Maharage yalikaa mfuko wa kulia wa koti. Kila wakipita akina mama kumi wenye mizigo, punje moja ilihamia mfuko wa kushoto. Kila nusu saa aliandika idadi na kuanza upya, tangu mapambazuko hadi jioni, siku saba za juma. Daftari mkononi muda wote lingewatia watu wasiwasi, maana mpakani anayeandika huchukuliwa kuwa mtu wa kodi. Mtu mwenye mkono mfukoni hana habari na yeyote. Hesabu ilipokamilika, madodoso yaligawanywa kufuata wingi wa watu katika kila nusu saa, na alfajiri ikapata fungu kubwa kuliko saa tatu.

Tatizo likabaki, na hili ndilo mtafiti angependa kulisimulia kwa kila mwanafunzi anayekaa kusikiliza. Tuseme wachuuzi ni 50. Kumi wanavuka mara nne kwa siku, arobaini mara moja. Mlangoni utaona misafara 80, na 40 kati yake ni ya wale kumi. Ukimsimamisha kila anayepita wa nane, nusu ya majibu yako yatatoka kwa watu ambao ni sehemu moja ya tano tu ya wachuuzi. Utaandika kwamba biashara ni ya kuvukavuka na mitaji midogo, na utakuwa umekosea ukiwa na takwimu safi kabisa. Dawa yake ni swali moja: "Jana ulivuka mara ngapi?" Aliyevuka mara nne, jibu lake lihesabiwe robo. Swali lenyewe liulizwe mtu anaporudi, ametua beseni. Anayekwenda hana muda wako.



Tarehe 1 Agosti 2019, Rwanda ilifunga mpaka kwa saa kadhaa kwa sababu ya Ebola iliyokuwa imefika Goma. Maharage hayakutoka mfukoni. Machi 2020 Covid ikafunga mpaka kwa muda mrefu zaidi, na "kipindi kimoja" cha tasnifu kikawa dunia iliyokwisha kutoweka.

Akiwa nyumbani mwaka huo, mtafiti alikutana na utafiti wa Kevin Croke na wenzake, uliotolewa na Benki ya Dunia. Waliwapa mafunzo ya haki na taratibu baadhi ya wanawake wachuuzi wa mpaka wa Rwanda na Congo, wakawalinganisha na wasiopata. Rushwa na unyanyasaji vilipungua. Mtu angetarajia ni kwa sababu wanawake walijifunza kudai haki zao. Sivyo: walipata nafuu kwa kuvuka mapema, nje ya saa rasmi, wasikutane na wasumbufu. Kichwa cha utafiti chenyewe kinataja kuamka kabla ya mapambazuko. Mtafiti alicheka peke yake sebuleni, akamkumbuka mama wa vitunguu.

Zile nakala 400 alimpa muuza karanga wa karibu na soko. Mwaka uliofuata alinunua karanga hapo, akakunjua karatasi, akakuta swali la nne: "Je, biashara yako unaianza saa ngapi?" Chaguo la kwanza lilikuwa saa tatu asubuhi.