Kabla Hujapokea Arubuni ya Gari Lako

Gari umelilipia, hati ya umiliki ina jina lako, funguo ziko mfukoni. Anatokea mtu na dau nono. Ngoja kwanza. Kwa baadhi ya magari adimu nchini Marekani, aliyekuuzia bado ana neno.

Mwanamieleka na mwigizaji John Cena yalimkuta hayo mwaka 2017. Alisaini mkataba wa kukaa na Ford GT yake miaka 2, kisha akaiuza wiki chache baada ya kuipokea. Ford ikamfungulia kesi. Mwaka uliofuata wakamalizana nje ya mahakama. Ukitaka yasikufike, fuata hatua hizi.

1. Tafuta kifungu cha kuuza tena kabla ya kusaini. Usikitafute kwenye ukurasa wa bei. Mara nyingi hujificha nyuma, au kwenye karatasi ya nyongeza. Muuzaji akikwambia "hicho ni cha kawaida tu", muombe akifute na aweke saini yake.

2. Jua muuzaji amepewa haki ya aina gani. Ziko mbili, na tofauti yake ni pesa. Ya kwanza ni haki ya kutangulizwa: ukipata mnunuzi, muuzaji ana nafasi ya kulichukua gari kwa dau lile lile. Hapo hupotezi kitu ila muda. Ya pili ni haki ya kulinunua tena kwa bei iliyopangwa tangu mwanzo. Hii ndiyo inayouma.

3. Piga hesabu. Novemba 2023, mkataba wa Tesla Cybertruck uliwekewa kifungu cha kutouza ndani ya mwaka 1. Kampuni ingeweza kulinunua tena gari kwa bei ya awali, ikikata senti 25 kwa kila maili, pamoja na uchakavu na matengenezo. Chukua gari la dola 100,000 lililotembea maili 10,000: zinakatwa dola 2,500, zinabaki 97,500, na bado fundi hajafungua boneti. Hata kama mtaani wanakupa 130,000, hiyo si hesabu yako. Na ukiuza kimyakimya, kifungu kilitaja fidia ya dola 50,000 au bei uliyouzia, ile iliyo kubwa zaidi.

4. Toa taarifa kwa maandishi. Simu haina ushahidi. Andika namba ya chesisi, maili zilizosomeka, bei uliyopewa na tarehe. Ambatisha nakala ya dau la mnunuzi. Tuma kwa njia itakayokupa risiti ya kupokelewa.

5. Usipokee arubuni mapema. Mweleze mnunuzi kwamba kuna mwenye haki mbele yake. Ukishakula pesa yake kisha muuzaji akalitaka gari, utadaiwa pande mbili.

6. Subiri jibu la maandishi. Wakikataa kulinunua, dai barua inayosema wameridhia uuze. Itunze pamoja na hati.

Umehama, umeachishwa kazi au gari halikufai tena? Eleza sababu yako kwenye barua ile ile, uombe ruhusa. Sheria za mikataba hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo mpe wakili wa hapo ulipo asome kifungu. Ada yake ya saa moja ni ndogo kuliko dola 50,000.