Ghazali na Ibn Rushd: Adabu ya Kumjibu Mtu

Neno "falsafa" katika miji yetu hupokewa kwa namna mbili. Wako walisikiapo huomba hifadhi kwa Mungu, wakidhani kwamba falsafa yote ni ukafiri. Na wako wengine, hasa vijana wa skuli, wadhanio kwamba kufikiri ni mali ya Wazungu na kwamba Waislamu hawakuwa na fungu katika jambo hilo. Makundi haya yapingana, lakini kosa lao ni moja: yamehukumu kitu yasichokisoma.

Katika darasa hii twataka kuwaeleza wanavyuoni wawili walioshindana vikali juu ya falsafa, nao ni Imamu al-Ghazali na Kadhi Ibn Rushd. Si makusudio yetu kuhukumu ni nani aliyeshinda. Twataka msomaji atazame jinsi walivyoshindana.

Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058). Alikuwa katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu hapa pwani, na kitabu chake Ihyaa Ulumiddin hakihitaji kujulishwa kwa wasomaji wetu. Mwaka 484 (1091) waziri Nidhamul-Mulk alimweka kusomesha katika madrasa ya Nidhamiya, mjini Baghdad. Zama hizo vitabu vya Farabi na Ibn Sina vilikuwa vimeenea, na wako watu waliojiona wakubwa kwa kuyataja tu majina ya Aristotle na Plato, hata wakaidharau sala na mipaka ya sharia. Ghazali akaona ni wajibu wake kuwajibu.

Je, alianzaje? Hakuanza kwa kupanda mimbari akawatukana. Yeye mwenyewe ameeleza, katika kitabu chake al-Munqidh, kwamba mtu hawezi kuujua ubovu wa elimu yoyote mpaka aifikie daraja ya yule aijuaye zaidi katika wenyewe, kisha ampite. Basi akavisoma vitabu vyao peke yake bila ya mwalimu, katika saa alizozipata baina ya kusomesha wanafunzi 300. Alisoma hivyo kwa muda usiotimia miaka miwili, kisha karibu mwaka mwingine akawa akiyarudiarudia na kuyapima aliyoyasoma. Aliandika pia kitabu kiitwacho Maqasid al-Falasifa, akayaeleza maneno ya wanafalsafa kama wasemavyo wenyewe. Kitabu hicho kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, wengi katika wasomi wa Ulaya walidhani kwamba mwandishi wake ni mmoja wa hao wanafalsafa. Huo ndio uadilifu wa mtu aliyekusudia kuwapinga!

Mwaka 488 (1095) alikamilisha Tahafut al-Falasifa, maana yake "Kuporomoka kwa Wanafalsafa". Humo ametaja masuala 20. Katika 17 amesema kwamba wamezua, na katika matatu tu ndipo aliposema kwamba wamekufuru: kusema kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kusema kwamba Mwenyezi Mungu huvijua vitu kwa ujumla wala si kimoja kimoja, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. Hisabu na mantiki hakuzikataa. Amesema kwamba mtu apingaye hisabu ya kupatwa kwa jua na mwezi, akidhani kuwa aitetea dini, huidhuru dini hiyo. Kwani aliyekwisha kuijua hisabu hataitilia shaka hisabu yake, bali ataitilia shaka dini.

Ghazali alifariki mwaka 505 (1111). Miaka 15 baadaye, mwaka 520 (1126), akazaliwa Ibn Rushd mjini Cordoba, katika Andalusia. Huyu hakuwa mtu wa nje ya dini. Alikuwa kadhi wa Sevilla, kisha wa Cordoba kama babu yake, na kitabu chake Bidayat al-Mujtahid ni katika vitabu vikubwa vya fiqhi. Katika kitabu chengine, Fasl al-Maqal, alitetea kusoma vitabu vya watu wa kale kwa mfano wa kisu cha kuchinjia: kikiwa kisu chafaa, hatuulizi kama mwenyewe ni mtu wa dini yetu.

Kiasi cha mwaka 1180 alimjibu Ghazali kwa kitabu Tahafut al-Tahafut, "Kuporomoka kwa Kuporomoka". Humo ayanukuu maneno ya Ghazali fungu baada ya fungu, ndipo ajibu. Na popote alipoona kwamba Ibn Sina ameteleza hakumficha, ingawa alikuwa upande wa falsafa.

Sasa natutazame walivyotendwa wawili hawa na watu wasiokuwa na hoja. Mwaka 503 (1109), Ghazali akiwa yu hai, Ihyaa ilichomwa moto huko Cordoba. Mwaka 1195 Ibn Rushd naye alihamishwa akapelekwa Lucena, na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Baadaye alisamehewa, akafia Marrakesh mwaka 595 (1198). Basi hasimu wawili hawa walipatwa na msiba mmoja katika nchi moja. Na moto ulifaa nini? Ihyaa yasomwa mpaka leo. Vitabu vya Ibn Rushd vilifasiriwa kwa Kilatini na Kiebrania, na mwaka 1270 Thomas Aquinas, mwanachuoni mkubwa wa Kikristo, alikuwa bado akishughulika kuwajibu wafuasi wake huko Paris.

Ndugu zangu, tujipime kwa mizani hii. Mara ngapi tumesikia mtu akikufurishwa barazani kwa kitabu ambacho hakuna hata mmoja katika wanaozungumza aliyekifungua? Mara ngapi ndugu wawili wameacha kuamkiana, na msikiti mmoja ukagawanyika makundi mawili, kwa neno lililopokewa kutoka kwa mtu aliyelipokea kwa mwengine? Ghazali alikuwa Hujjatul-Islam, na pamoja na ukubwa wake hakujiona kuwa anaweza kuwajibu watu kabla ya kuwasoma karibu miaka mitatu. Sisi twatoa hukumu kabla ya kahawa kupoa.

Mwenye kutaka kumpinga mtu naatende mambo matatu. Kwanza, akisome kitabu chake mpaka mwisho. Pili, ayaeleze maneno yake kwa namna ambayo mwenyewe akisikia atasema, "Naam, ndivyo nisemavyo." Tatu, atenge lililo haki katika maneno hayo na lililo batili, wala asiyatupe yote kwa moja. Akimaliza hayo matatu, naajibu kwa nguvu zake zote, wala hapana atakayemlaumu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.