Geji Inayozima Pampu Yenyewe: Nilivyoifunga, na Mara Mbili Nilizokosea

Sili ya pampu ikiungua, pua ndiyo hupata habari kwanza. Ni harufu ya mpira uliochomeka iliyochanganyika na mvuke, na ukishainusa siku moja huisahau tena. Mimi niliinusa alfajiri moja Tabata, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya ghorofa nne. Maji ya bomba yalikuwa na siku tatu hayajatoka, tanki la chini likakauka usiku, na pampu ikaendelea kuzunguka bila maji mpaka kunakucha. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, kanga kiunoni.

"Fundi," akasema, "si kuna saa ya presha pale? Usiku kucha ilikuwa inafanya nini?"

Ilikuwa inaonyesha. Hiyo ndiyo kazi pekee tuliyoipa. Saa kumi usiku hakukuwa na mtu wa kuitazama.

Tangu siku ile nimefunga geji za kontakti kwenye pampu kadhaa. Hizi ni geji zinazosoma presha na papo hapo kukata umeme presha ikienda vibaya. Ya kwanza niliikosea mara mbili, na makosa yale yamenifundisha kuliko kitabu chochote. Nayaandika hapa ili wewe usiyalipie kama nilivyoyalipia mimi.

Kwa nini ovalodi haikuokoa pampu

Hili ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na wenye nyumba. Ovalodi ilikuwepo, na ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba ovalodi huchunga mkondo unaozidi. Pampu iliyokosa maji haibebi mzigo, kwa hiyo mota inavuta umeme kidogo kuliko kawaida, na kwa ovalodi mambo ni shwari kabisa.

Wakati huohuo, ndani kuna nyuso mbili za sili, mara nyingi moja ya kaboni na nyingine ya kauri, zinasuguana mara elfu kadhaa kwa dakika. Kinachozipoza na kuzilainisha ni yaleyale maji yanayopita. Yakikosekana, zinapata moto, kauri inapasuka, mpira unayeyuka. Siku maji yakirudi yanavujia kwenye shafti, yanatafuta beringi, na kutoka hapo mota haiko mbali.

Wengine huniuliza kama floti kwenye tanki la chini haitoshi. Inasaidia, na ninaifunga pia. Lakini floti inajua kiasi cha maji kwenye tanki tu. Bomba la kuvuta likipasuka, au futi valvu, ile ya mdomoni mwa bomba hilo, ikinasa takataka, tanki linaweza kujaa pomoni na pampu bado ikazunguka kwa hewa. Geji haiulizi sababu, inaangalia kama presha ipo.

Geji ya kontakti ni nini

Kwa nje ni geji kama nyingine, ila kioo chake kimenenepa mbele na kuna mishale miwili ya ziada unayoipanga mwenyewe kwa ufunguo mdogo: mmoja wa kikomo cha chini, mmoja wa kikomo cha juu. Ubavuni kuna kisanduku cha kuunganishia nyaya.

Ndani yake mna kijibomba bapa kilichopindwa kama herufi C, uvumbuzi ambao Mfaransa Eugène Bourdon aliuwekea hataza mwaka 1849, enzi za injini za mvuke. Presha ikiingia, kijibomba kinajaribu kujinyoosha, ncha yake inasogea kidogo, na vijigia vinaukuza mwendo huo kuwa mzunguko wa mshale. Kwenye geji ya kontakti, mshale huo hubeba pia kikono cha kontakti. Ukifika kwenye kikomo ulichopanga, sumaku ndogo inakidaka kikono ghafla, tak! Sumaku hiyo ina maana kubwa: bila yake kontakti zingekaribiana polepole, zikatoa cheche na kuungua.

Kontakti hizo ni nyembamba. Usithubutu kupitisha umeme wa mota humo, wala usizibebeshe koili ya kontakta, ile swichi kubwa inayowasha mota. Soma bati la geji ujue uwezo wake. Mimi huzipa volti 24 tu kutoka kwenye transfoma ndogo, ziendeshe relei, na relei ndiyo iendeshe kontakta. Kwenye shimo la pampu lenye unyevunyevu, volti 24 ni salama zaidi hata kwa mkono wa fundi.

Kosa la kwanza: mahali

Nilipokwenda kuifunga geji ile ya kwanza pale Tabata, nilikuta tii iliyozibwa juu ya noni-ritani, ile valvu inayopitisha maji upande mmoja tu. Nikafurahi kwamba sina haja ya kukata bomba. Nikatoa plagi, nikafunga geji, nikaweka kikomo cha chini bar 1.2, nikaenda zangu.

Wiki mbili baadaye, harufu ileile.

Hesabu yake ni nyepesi, nami sikuipiga. Kutoka pampu hadi mdomo wa tanki la juu ni mita 15. Kila mita 10 za maji yaliyosimama ni karibu bar 1, kwa hiyo bomba lililojaa lina bar 1.5 hata pampu ikiwa imezimwa. Noni-ritani inayazuia maji hayo yasishuke. Geji yangu ilikaa juu yake ikisoma bar 1.5 za maji yaliyolala, huku pampu chini inakauka. Ilisema kweli, ila ilikuwa inasoma presha ya bomba badala ya presha ya pampu.

Geji inakaa kati ya pampu na noni-ritani. Kama hakuna nafasi, kata bomba, weka tii. Sili ile ya pili niliilipia kwa hela yangu.

Kosa la pili: waya

Nikahamisha geji. Sasa ilisoma sawasawa. Lakini nilikuwa nimeiunga hivi: presha ikishuka, kontakti inafunga, inapeleka umeme kwenye relei, relei inakata pampu. Nilijaribu, ikakata. Nikaona nimemaliza.

Baada ya miezi kadhaa mzee wa getini alisikia pampu "inalia sauti nyingine", akaenda akavuta meni switchi. Akaniokoa. Nilipofuata kebo ya geji nikakuta panya ameitafuna nyuma ya tanki. Geji ilifunga kontakti yake kama kawaida, ila ujumbe haukuwa na njia ya kupita. Na kwa jinsi nilivyounga, ujumbe usipofika maana yake ni kwamba kila kitu kiko sawa.

Ndipo nilipogeuza mambo. Geji isipewe kazi ya kupiga kelele hatari ikija, ipewe kazi ya kutoa ruhusa muda wote ambao mambo ni mazuri. Kontakti iwe imefungwa pampu ikiwa salama, na umeme uwe unapita. Presha ikishuka, ruhusa inakatika. Waya ukikatika, fyuzi ikiungua, transfoma ikifa, terminali ikilegea, ruhusa inakatika vilevile. Panya akila waya leo, pampu inasimama na mimi napigiwa simu. Wapangaji watalalamika, lakini lalamiko ni nafuu kuliko mota.

Jinsi ninavyounga sasa

Kwanza kabisa, zima meni, funga kwa kufuli, pima kwa mita kwamba fezi zote tatu zimekufa. Huu ni umeme wa volti 400. Kwa Tanzania kazi hii inataka fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa hiyo kama huna, tumia makala haya kumsimamia fundi wako.

1. Chagua geji. Presha ya kazi iangukie kati ya theluthi moja na theluthi mbili za kipimo. Pampu ile husukuma kwa bar 2.2, nikachukua geji ya 0 hadi 6. Ukitaka ya mafuta kwa sababu ya mtikisiko, iwe ya mafuta yasiyopitisha umeme, iliyotengenezwa hivyo kiwandani. Usiijaze gliserini mwenyewe.

2. Funga koki kabla ya geji, ile yenye tundu dogo la kumwagia presha. Itakufaa wakati wa kujaribu. Zungushia tredi tepu, kisha kaza kwa spana kwenye shingo ya geji yenye pembe nne. Ukiizungusha kwa kushika uso wake unapotosha mitambo ya ndani.

3. Vikomo viwili viwe mfululizo. Kontakti ya chini inafunga presha ikipanda kupita 1.6. Kontakti ya juu imefungwa na inafunguka presha ikipita 3.0, kwa mfano mtu akifunga valvu ya juu. Umeme ukishapita zote mbili, maana yake presha iko katikati, ndipo ruhusa inatoka.

4. Relei ya ruhusa ijishikilie yenyewe. Kitufe cha kuwashia kinaiamsha. Ikishaamka, inajilisha kupitia kontakti yake yenyewe pamoja na geji. Ikianguka, hairudi mpaka mtu abonyeze. Bila hivyo, pampu kavu itakuwa inazima na kuwaka usiku kucha.

5. Taima ya kuanzia. Pampu inapoanza presha bado ni ndogo, na geji ingeikatalia. Kwa hiyo naweka kontakti ya taima sambamba na geji. Pampu ikiwa imelala kontakti hiyo imefungwa; kontakta ikivuta, taima inahesabu sekunde 8 kisha inaifungua. Kuanzia hapo geji inajitegemea. Pampu hii hujenga presha ndani ya sekunde tatu, kwa hiyo nane zinatosha. Nimekuta pahala taima imewekwa dakika mbili. Dakika mbili za ukavu zinatosha kuiua sili.

6. Kontakta ya mota inapata umeme kupitia relei ya ruhusa, ovalodi, floti ya tanki la chini na floti ya tanki la juu, zote mfululizo. Mojawapo ikikataa, pampu inasimama.

7. Taa nyekundu mlangoni, iwake ruhusa ikikatika. Kebo ya geji ipite ndani ya bomba la plastiki, na glandi ikazwe. Panya wapo.

Kwa nini 1.6? Kwa sababu chini ya 1.5 hakuna tone linalofika juu. Pampu inayosukuma kwa 1.4 inajichosha bure hata kama ina maji. Usinakili namba zangu: pima kimo kutoka pampu yako hadi mdomo wa tanki la juu ukigeuze kuwa bar, soma geji pampu ikifanya kazi vizuri, kisha weka kikomo kati ya namba hizo mbili.

Kuna bei ya kulipa. Umeme ukikatika na kurudi, relei ya ruhusa inakuwa imeanguka, na lazima mtu aende kubonyeza. Mama mwenye nyumba hakulipenda hili. Nilimwambia, "Mama, kubonyeza ni bure, sili si bure." Akacheka, akamkabidhi kazi mzee wa getini.

Jaribio la kila mwezi

Mfumo wangu una sehemu moja dhaifu, na sitaificha. Taima ikifa, kontakti yake inabaki imefungwa, na geji inakuwa imepitwa pembeni bila mtu kujua. Ruhusa itaendelea kutoka hata presha ikiwa sifuri. Dawa yake ni kujaribu, na jaribio halidhuru pampu kwa sababu maji yapo.

Pampu ikiwa inafanya kazi, geuza koki ya geji imwage presha. Mshale unaanguka sifuri, pampu lazima izime papo hapo na taa nyekundu iwake. Bila kurudisha koki, bonyeza kitufe. Pampu itaanza, na sekunde ya nane lazima izime yenyewe. Ikipita kumi bado inazunguka, taima ni mbovu: zima meni, ita fundi. Ukimaliza, rudisha koki, mkono wake ulale sambamba na bomba. Ukiuacha umefunga, presha itanaswa ndani ya geji na mshale utasimama palepale, unakudanganya.

Mara ya mwisho nilipopita Tabata ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nilimkuta mzee wa getini amechuchumaa mbele ya geji, redio begani, daftari gotini. Nikamwamkia shikamoo, akainua kidole kwamba ningoje. Alikuwa anahesabu. Alipofika saba akanyamaza, akainamisha sikio.

Tak.

"Marahaba," akasema, akaandika tarehe.