Uimara wa Nyumba Huanzia Ardhini

Tetemeko la ardhi lililoikumba Kagera tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa takriban 5.9, na liliua watu wasiopungua 17. Tarakimu hiyo hueleza nguvu iliyofunguka chini ya ardhi. Haielezi madhara ya kila kiwanja. Kwa sababu hiyo, wataalamu hupima pia mtikisiko wa mahali husika: ukali wake na muda uliodumu. Mwaka 1970, Arturo Arias wa Chile aliyaunganisha mambo hayo mawili katika kipimo kimoja. Kipimo hicho husaidia kukadiria ni wapi miteremko itaporomoka, au mchanga uliolowa utalegea kama uji na kuzamisha misingi.

Singida Mjini imo katika ukanda wa Bonde la Ufa. Nyumba iliyosimama juu ya mwamba haitikiswi sawa na iliyo juu ya udongo laini wenye maji, unaoweza kupatikana kandokando ya maziwa Singidani na Kindai. Mkazi anayekusudia kujenga anashauriwa kuchimba shimo la majaribio, kuchunguza udongo na kina cha maji, kisha kumwona mhandisi wa halmashauri kabla ya kuweka msingi.