"Ngapi" na "Vipi": Aina Mbili za Uchunguzi katika Sayansi

Aghalabu wanafunzi wa lugha huamini kuwa uchunguzi wa kiidadi pekee ndio wa kisayansi, na kwamba ule wa kimaelezo ni makisio tu. Imani hii ina walakini. Uchunguzi wa kiidadi hujibu swali la "ngapi": urefu, uzito, idadi. Ule wa kimaelezo hujibu swali la "vipi": rangi, harufu, umbo, hali. Jinsi unavyotegemeana hudhihirika katika kisa cha daktari Ignaz Semmelweis, mzawa wa Hungaria, aliyehudumu katika hospitali kuu ya Vienna, Austria, miaka ya 1840.

Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za uzazi: ya kwanza ya kufunzia madaktari, ya pili wakunga. Mwaka 1846, homa ya uzazi iliua takriban asilimia 11 ya akina mama katika wodi ya kwanza, ilhali katika ya pili ni chini ya asilimia 3. Takwimu ziliweka tatizo bayana, ila hazikutaja chanzo. Hata kengele ya padre aliyepita akiwapa mahututi sakramenti ilishukiwa kuwatia wazazi hofu. Padre aliombwa apite kimya, vifo havikupungua. Hesabu, basi, iliweza kukanusha.

Ufumbuzi ulitokana na maelezo. Mapema mwaka 1847, Jakob Kolletschka, rafiki yake Semmelweis, alifariki baada ya kujeruhiwa kwa kisu wakati wa upasuaji wa maiti. Mwili wake ulipochunguzwa, ulikutwa na dalili zilezile za akina mama waliokufa, naye hakuwa mzazi! Hapakuhesabiwa kitu hapo. Mfanano tu ulitambuliwa. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaingia wodini na harufu mikononi. Wakunga hawakupasua maiti. Semmelweis alichagua maji ya klorini kwa sababu yaliiondoa harufu hiyo. Vifo vilivyozidi asilimia 18 mwezi Aprili vilishuka hadi takriban 2 mwezi Juni, baada ya agizo la kunawa.

Ikumbukwe pia kuwa homa yenyewe ilibidi itambuliwe kwa dalili kabla ya wafu wake kuhesabiwa. Mhakiki wa ushairi naye hukumbana na hali hiyo: huamua kwanza silabi ni nini, ndipo ahesabu mizani, na akikuta kipande chenye 7 miongoni mwa vyenye 8, hesabu humwonyesha mahali pa kuuliza, kisha hana budi kuusoma ubeti upya.